Makaburi ya Kibanjani: Imani ya Wamormoni Ikitazamwa kutoka Rubwera

Huku Rubwera, wilayani Kyerwa, marehemu hapelekwi mbali. Huzikwa kibanjani, kati ya migomba na mibuni, hatua chache kutoka mlango alioutumia akiwa hai. Msimu wa kahawa ukifika, mjukuu huchuma buni kando ya babu yake, na mtoto akiuliza ni nani aliyelala pale, hutajiwa jina, kisha jina la baba yake, kisha la babu yake, mpaka kumbukumbu ya anayejibu iishe.

Mtu wa huku akitaka kulipima Kanisa la Wamormoni, nadhani haimpasi kuanzia kwenye maneno ya vijiweni, kwamba hao ni Frimasoni au kwamba kila mmoja wao ana wake kumi. Aanzie kwa wafu. Simfahamu Mkristo mwingine ambaye dini yake imejengwa kwa kiasi hicho juu ya swali la nani atakuwa na nani ng'ambo ya kaburi. Swali hilo likishikwa vizuri, historia ya Kanisa hilo inaeleweka, mvuto wake pia, na vilevile uzito wa jeraha ambalo liliwatia watu weusi kwa zaidi ya karne moja.

Jina lenyewe kwanza. Wao hujiita Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na mwaka 2018 rais wao wa wakati huo, Russell Nelson, aliwataka waumini na watu wa nje waache kutumia jina la Mormoni. Nitalitumia hapa kwa kuwa ndilo linalojulikana, nikijua kwamba wenyewe hawalipendi. Wako kiasi cha milioni 17 duniani, na makao yao makuu ni Salt Lake City, katika jimbo la Utah, Marekani.

Mwanzilishi ni Joseph Smith, mtoto wa mkulima maskini, aliyezaliwa Vermont mwaka 1805. Familia yake ilihamia magharibi mwa jimbo la New York wakati eneo hilo likiwaka moto wa uamsho wa kidini: wahubiri wakigombania watu, kila mmoja akidai kweli iko kwake. Mzee yeyote wa Kagera aliyeshuhudia uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka mto na kugawanya hata nyumba kati ya waliookoka na wasiookoka, ataitambua hali hiyo. Smith alisimulia kwamba mwaka 1820, akiwa kijana wa miaka 14, aliingia msituni kuuliza ajiunge na kanisa gani, akatokewa na Mungu Baba na Yesu Kristo, akaambiwa asijiunge na lolote. Baadaye, alisema, malaika aitwaye Moroni alimwonyesha mabamba ya dhahabu yaliyozikwa kilimani. Kutokana na mabamba hayo akatoa Kitabu cha Mormoni, kilichochapwa Palmyra mwaka 1830. Tarehe 6 Aprili mwaka huohuo Kanisa likaundwa.

Kitabu hicho kinasimulia familia ya Lehi iliyoondoka Yerusalemu miaka 600 hivi kabla ya Kristo, ikavuka bahari hadi Amerika, ikagawanyika kuwa mataifa mawili yaliyopigana kwa vizazi vingi. Kilele chake ni Kristo mfufuka kuwatembelea watu wa huko. Waumini wanakiweka sambamba na Biblia. Wanaakiolojia walio nje ya Kanisa hawajaona ushahidi wa mataifa hayo, na elimu ya vinasaba inaonyesha kwamba wenyeji wa Amerika asili yao ni Asia. Upande wangu, sioni njia ya kukikubali kama historia. Lakini naona pia kwa nini kilishika: kilimwambia mtu wa mpakani, aliyeishi mbali na miji mikubwa ya imani, kwamba Mungu alikwisha kutembea kwenye udongo wake. Sisi tulioletewa Biblia iliyojaa Yordani na Galilaya, na kamwe Kagera, hatuwezi kuidharau hamu hiyo.

Mateso yakafuata. Kutoka Ohio hadi Missouri, ambako mwaka 1838 gavana Lilburn Boggs alitoa amri kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe. Kutoka Missouri hadi Illinois, ambako walijenga mji wa Nauvoo. Smith alikwisha kuanza kuoa wake wengi kwa siri. Gazeti la watu waliojitenga naye lilipoyafichua hayo, mtambo wake wa kuchapia ukavunjwa kwa amri ya Smith na baraza la mji. Alikamatwa, na tarehe 27 Juni 1844 kundi la watu wenye silaha liliingia katika gereza la Carthage, likamwua pamoja na kaka yake Hyrum. Sehemu kubwa ya waumini wakamfuata Brigham Young magharibi, wakafika bonde la Salt Lake mwaka 1847. Wengine walibaki, na baadhi yao wakakusanyika chini ya mtoto wa Smith mwaka 1860. Kanisa lao sasa huitwa Community of Christ.

Wamormoni si waonewa tu katika historia hii. Septemba 1857, mahali paitwapo Mountain Meadows, wanamgambo wa Kimormoni waliwaua wasafiri wapatao 120 waliokuwa wakipita kwenda California, wanawake na watoto wakiwemo. Nalitaja kwa sababu ukanda wetu unajua kifo kinachotoka ndani ya dini. Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, haiko mbali na hapa, na moto wa Machi 2000 ulioteketeza mamia kanisani haujasahaulika. Shakahola nchini Kenya, mwaka 2023, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za waumini. Kwa hiyo mtu wa Kyerwa akisikia nabii, maono na siku za mwisho katika sentensi moja, ana haki ya kurudi nyuma hatua mbili. Tofauti ninayoiona ni kwamba Kanisa hili limekwisha kuvuka hatari ya nabii mmoja. Rais akifa, mtume mwenye miaka mingi zaidi katika utume hushika nafasi yake. Nelson alipofariki Septemba 2025, Dallin Oaks alimrithi mwezi uliofuata bila mtikisiko. Waumini hawaambiwi wauze vibanja vyao wakangoje mwisho wa dunia. Wanaambiwa wasomeshe watoto na waweke akiba ya chakula.

Sasa turudi kwa wafu.

Wamormoni wanafundisha kwamba Mungu Baba ana mwili wa nyama na mifupa, kwamba Yeye, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu zilizotengana, zenye nia moja. Wanafundisha kwamba roho zetu ziliishi kwake kabla ya kuzaliwa, kwamba tunaye pia Mama wa Mbinguni, na kwamba baada ya ufufuo kuna falme tatu za utukufu: selestia, terestria na telestia. Katika daraja la juu kabisa la ufalme wa selestia, mtu haingii peke yake. Mume na mke waliounganishwa hekaluni, pamoja na watoto waliounganishwa nao, huendelea kuwa familia milele, na wanaweza kukua hata kufanana na Mungu. Hapo ndipo Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana hutengana nao kabisa. Roma iliamua mwaka 2001 kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali kwake, kwa kuwa maneno ya Utatu hayabebi maana ileile. Wamormoni nao humbatiza upya kila anayejiunga, hata kama alikwisha kubatizwa kwingine.

Je, aliyekufa kabla ya kusikia lolote? Jibu lao ni ubatizo kwa niaba. Mzao aliye hai huingia majini hekaluni kwa jina la babu yake, akiegemea mstari wa Paulo katika 1 Wakorintho 15:29. Wanafundisha kwamba marehemu, kule aliko, ana hiari ya kukubali au kukataa. Ili kazi hiyo ifanyike lazima majina yajulikane, na ndiyo maana Kanisa limechimba hifadhi ndani ya mlima wa mawe karibu na Salt Lake City, likaijaza mamilioni ya filamu za kumbukumbu za vizazi, na kupitia shirika lake la FamilySearch limekuwa likiwatuma watu katika nchi kadhaa za Afrika kuwarekodi wazee wakitaja nasaba ambazo hazijawahi kuandikwa.

Huku kwetu jambo hilo haligusi sikio kama geni. Karagwe ilikuwa ufalme uliohesabu wafalme wake kutoka Ruhinda hadi Rumanyika, yule aliyewapokea wapelelezi Speke na Grant mwaka 1861. Kila ukoo una muziro wake, yaani mwiko wake wa chakula, na anayejua nasaba anajua pia nani hawezi kumwoa nani. Hata hivyo kuna tofauti ambayo waandishi wengi huipita haraka. Katika mila za zamani, za mizimu na Bachwezi (roho za watawala wa kale), marehemu alikuwa na nguvu juu ya mzima: alimlinda, na akisahaulika alimsumbua. Kwa Mkatoliki wa leo, mzima humwombea marehemu, na kila Novemba majina husomwa. Mlutheri humkabidhi kwa neema na kunyamaza. Mmormoni yeye amegeuza uzani: marehemu ndiye anayengoja, na mzima ndiye mwenye ufunguo. Ni mzigo mkubwa kumwekea mjukuu. Lakini pia ni heshima, na kati ya mafundisho yote ya Kanisa hili ndilo ninaloona linastahili kusikilizwa na mtu aliyezika wazazi wake kibanjani.

Lina kivuli chake. Wayahudi waligundua kwamba ndugu zao waliouawa na Wanazi walikuwa wakibatizwa kwa niaba na watu wasio na uhusiano nao. Walilalamika, na mwaka 1995 Kanisa likakubali kuacha. Kumpa dini nyingine marehemu aliyeuawa kwa kuwa Myahudi ni jambo zito, hata kama nia ni njema.

Na hapa tunafika kwenye jeraha.

Mwaka 1836, enzi za Joseph Smith, mtu mweusi aitwaye Elijah Abel alitawazwa kuwa mzee katika ukuhani. Mwaka 1852 Brigham Young akatangaza kwamba wenye asili ya Afrika hawatapewa ukuhani. Katika Kanisa hili karibu kila mwanamume mwaminifu hupewa ukuhani, kwa hiyo kunyimwa kulimtenga mtu na wenzake wote. Baadaye sababu zikatafutwa: laana ya Kaini, laana ya Hamu, aya za Kitabu cha Ibrahimu ambacho Smith alisema amekifasiri kutoka mafunjo ya Misri. Vipande vya mafunjo hayo vilivyokuwa New York viliporudishwa kwa Kanisa mwaka 1967, wataalamu wa Misri ya kale walikuta ni maandiko ya mazishi.

Wengi wanaliandika suala hili kama suala la vyeo. Lilikuwa baya zaidi ya hapo. Marufuku ilifunga pia milango ya sherehe kuu za hekaluni, na bila hizo hakuna kuunganishwa. Kwa hiyo Kanisa lililosema kwamba mbingu ni familia lilimwambia Mwafrika kwamba yeye anaweza kubatizwa, kufunga, kutoa zaka, lakini mke wake na watoto wake hawatafungwa naye milele.

Jane Manning James alilijua hilo mwilini mwake. Mwaka 1843, mwanamke huyu mweusi aliyezaliwa huru huko Connecticut alisafiri na ndugu zake kwenda Nauvoo, na walipokataliwa kwenye chombo cha majini kwa ajili ya rangi yao walitembea kilomita zaidi ya 1,000 kwa miguu. Akafanya kazi nyumbani kwa Smith, akavuka nyika mpaka Utah, akawaandikia viongozi mara kwa mara akiomba aunganishwe na familia yake. Mwaka 1894 wakampa kitu kingine: akaunganishwa na nyumba ya Joseph Smith kama mtumishi, kwa umilele. Hata kuingia hekaluni kushuhudia hakuruhusiwa. Mwanamke mwingine alisimama badala yake. Alifariki mwaka 1908 bado akiwa muumini. Kila ninaporudi kwenye habari zake, nashindwa kupata neno linalotosha.

Juni 1978 Rais Spencer Kimball alitangaza ufunuo uliofungua ukuhani kwa kila mwanamume mstahiki bila kujali rangi. Nigeria na Ghana tayari zilikuwa na watu waliosoma vitabu vya Kanisa na kuunda makusanyiko yao wenyewe kwa miaka mingi, bila mmishenari, bila ubatizo uliotambuliwa. Mwaka 2013 Kanisa lilichapisha maelezo yanayokana nadharia zote za laana. Kukana nadharia ni hatua ya kweli, na nawaheshimu waliopigania iandikwe. Lakini maelezo hayo hayasemi waziwazi kwamba marufuku yenyewe ilikuwa dhambi, wala hayaombi radhi, na mimi naona familia ya Jane ilistahili neno hilo.

Tarehe za Afrika Mashariki zinasomeka vizuri ukiwa na hayo kichwani. Mapadri wa White Fathers walifungua misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Kanisa la Wamormoni lilitambuliwa rasmi Tanzania mwaka 1992. Miaka 100 kamili iko katikati, na sehemu kubwa ya pengo hilo inaelezwa na ile amri ya 1852. Kenya ilikuwa imelitambua mwaka 1991, baada ya juhudi za waumini wenyeji akiwemo Joseph Sitati, aliyebatizwa mwaka 1986. Mwaka 2009 Sitati akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutoka bara hili kuitwa katika viongozi wakuu wa Kanisa zima. Kitabu cha Mormoni kizima kilitoka kwa Kiswahili mwaka 2000, na lugha ya waumini ikajitengenezea msamiati: tawi, kata na kigingi (ngazi za makusanyiko), ukuhani, endaumenti (sherehe ya hekaluni). Askofu wa kata halipwi. Anaweza kuwa mwalimu au fundi. Vijana wa kiume hutumika miaka miwili kama wamishenari, mabinti miezi 18, wakitembea wawili wawili.

Hekalu la karibu, kwa miaka mingi, lilikuwa Johannesburg. Familia ya Afrika Mashariki iliyotaka kuunganishwa ilihitaji hati za kusafiria, nauli ya kila mtoto na siku nyingi nje ya kazi. Mei 2025 hekalu la Nairobi likawekwa wakfu. La Kampala lilitangazwa Oktoba 2024, na likikamilika, mtu wa Rubwera atakayevuka daraja la Murongo atakuwa karibu nalo kuliko anavyokuwa karibu na Dar es Salaam.

Mkulima wa Kyerwa, hata hivyo, atauliza jingine kabla ya hayo yote: kahawa je? Tarehe 27 Februari 1833 Smith alitoa mafundisho yanayoitwa Neno la Hekima, yanayokataza pombe, tumbaku na "vinywaji vya moto", ambavyo Kanisa limeeleza kuwa ni chai na kahawa. Kwenye meza ya Bwana hutumia mkate na maji. Kyerwa na Karagwe ni nchi ya robusta. Ada ya shule, bati la paa, mahari na jeneza hutoka kwenye mibuni. Marufuku inahusu kuinywa, na sijaona aya inayomkataza mtu kupanda au kupeleka magunia yake kwenye chama cha ushirika. Kikwazo kiko kwenye mapokezi. Mgeni huku hakaribishwi kwa kikombe tu. Hupewa kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri na kukaushwa. Zamani punje mbili za tunda moja ndizo zilizofunga undugu wa kuchanjiana damu, kila mmoja akimeza punje yenye damu ya mwenzake. Kukataa kahawa ni kusukuma mkono ulionyooshwa. Rubisi, pombe ya ndizi, nayo humwagwa na kunywewa harusini na matangani, na walokole wetu walishapambana na hilo miaka 80 iliyopita, wakaitwa wenye kiburi, kisha wakazoeleka. Mwiko wa chakula wenyewe si wa ajabu kwa watu wenye muziro. Nadhani Mmormoni wa Rubwera atavumiliwa pia, ilimradi aketi matangani mpaka mwisho kama wengine.

Ya vijiweni nayo yajibiwe. Joseph Smith alijiunga kweli na Frimasoni Machi 1842, na sherehe ya hekaluni aliyoianzisha Mei mwaka huo ina alama zinazofanana na zao. Wanahistoria wa Kanisa wenyewe hawalikatai. Kufanana kwa ishara si ushahidi wa kafara wala wa utajiri wa giza unaohofiwa huku. Kuhusu fedha, swali la haki ni jingine: muumini hutoa asilimia 10 ya kipato, na Februari 2023 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ililitoza Kanisa na kampuni yake ya uwekezaji jumla ya dola milioni 5 kwa kuficha ukubwa wa hisa zao nyuma ya kampuni nyingine. Mkulima anayetoa zaka ya kahawa anastahili hesabu iliyo wazi. Ndoa za wake wengi zilitangazwa hadharani mwaka 1852 na kusimamishwa mwaka 1890, Marekani ilipotishia kulifilisi Kanisa. Leo anayeendelea nazo hufukuzwa, na mwenye wake wawili kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania habatizwi akiwa katika hali hiyo. Mke wa pili aende wapi na watoto wake? Makanisa ya Kagera yamelibeba swali hilo tangu Kashozi, na Wamormoni hawakuja na jibu jipya.

Tuseme binti wa hapa, aliyesoma Kampala akabatizwa huko, amerudi likizo na daftari. Ameketi na shangazi yake kibanjani, anaandika: bibi, mama wa bibi, waume zao, waliokufa wachanga. Anataka kupeleka majina hekaluni. Kanuni za Kanisa lake zinasema kwamba kwa aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita, lazima kwanza ndugu wa karibu aliye hai akubali. Bibi alizaliwa miaka ya 1930, akafa Mkatoliki na rozari mkononi. Shangazi anasema jina la bibi si lake peke yake kulitoa. Wataitwa wajomba, ataitwa mkubwa wa ukoo, na kikao kitakaa Jumapili baada ya misa, kando ya kaburi.